Kizibo, Sindano na Saa za Usiku

Mwaka 1946 daktari mmoja wa Brooklyn, F. Paul Ansbro, alichapisha makala kuhusu tatizo ambalo ukilisikia mara ya kwanza linaonekana dogo: sindano ya ganzi huisha nguvu. Ukitaka kuutia ganzi mkono mzima, unachoma juu ya mtulinga, pale mishipa ya fahamu inapotoka shingoni kuelekea begani, unasukuma dawa, unachomoa, na kuanzia hapo unashindana na saa. Upasuaji ukichukua muda mrefu kuliko dawa, mgonjwa ataanza kukisikia kisu. Ansbro alitumia kizibo. Alipitisha sindano katikati ya kizibo, kile cha gome laini kinachozibia chupa, akakibana juu ya ngozi ili sindano isicheze, akaiunganisha na mpira mwembamba, na mpira akauunganisha na bomba la dawa. Dawa ikipungua nguvu, anaongeza. Mgonjwa hachomwi tena.

Kilele cha pafu kiko chini kidogo tu ya mahali hapo. Mgonjwa akikohoa au akigeuza shingo, ncha ya chuma inaweza kusogea naye. Ikitoboa pafu, hewa huvuja na pafu husinyaa, na pengine hilo halionekani mpaka saa kadhaa zipite, mgonjwa akiwa keshatoka chumba cha upasuaji na amerudishwa wodini.

Hilo la wodini ndilo lililonikamata. Nasoma shahada ya uzamili ya historia, na sisi tunaosoma historia ya tiba tuna ugonjwa wetu mmoja: tunapenda wa kwanza. Nani wa kwanza, mwaka gani, mji gani. Sindano inayochomwa na kuchomolewa inafaa sana kwa historia ya namna hiyo, kwa kuwa karibu kila kitu chake hutokea mbele ya daktari mmoja, ndani ya chumba kimoja, kwa saa moja au mbili. Mpira unaoachwa mwilini haukai humo. Una kesho yake na kesho kutwa yake, na madhara yake mengi huja wakati aliyeuweka amelala nyumbani kwake. Kwa hiyo niliamua kuifuata historia ya mpira huu kupitia mambo yaliyoharibika.

Wa kwanza kuharibikiwa walikuwa madaktari wenyewe. Mwaka 1884, Carl Koller, kijana wa miaka 26 huko Vienna, aligundua kwamba matone ya kokeini huondoa hisia za jicho kiasi cha kuweza kulipasua mgonjwa akiwa macho. Hakuwa na nauli ya kwenda Heidelberg kwenye mkutano wa madaktari wa macho. Makala yake ilisomwa na mwenzake, Josef Brettauer, tarehe 15 Septemba. Habari ikavuka bahari haraka. Kabla ya mwaka kwisha, William Halsted wa New York na wenzake, akiwamo Richard Hall, walikuwa wakichoma kokeini karibu na mishipa ya fahamu yenyewe, na mara nyingi mishipa waliyoijaribia ilikuwa yao wenyewe na ya wanafunzi wao. Halsted aliufungua mzizi wa mishipa ya mkono kwa kisu, akaiona kwa macho, akaichoma. Kanuni ikathibitika: ziba njia ya mshipa mmoja, na sehemu yote inayotegemea mshipa huo inanyamaza.

Wakati huo huo kokeini ilikuwa imeshawanasa. Mwaka 1885 Halsted alichapisha makala ambayo sentensi yake ya kwanza haishikiki kichwa wala miguu, na mwaka uliofuata alilazwa hospitali ya Butler huko Providence. Alipona nusu. Akawa mmoja wa wapasuaji wakubwa wa Marekani pale Johns Hopkins, huku akitumia mofini kwa siri maisha yake yote. Rafiki yake William Osler aliiandika siri hiyo na kuifungia. Haikufunguliwa mpaka 1969. Ninapotaja madhara ya ganzi, huyu simwachi nje, ingawa vitabu vingi humweka kwenye sura ya mafanikio na kuutaja uraibu wake kama jambo la pembeni.

Baada yake akaja August Bier wa Kiel, Ujerumani. Agosti 1898 alikuwa ameshawatia wagonjwa kadhaa ganzi kwa kuchoma kokeini kwenye maji ya uti wa mgongo, na wengine waliumwa kichwa vibaya na kutapika. Akataka kujua kwa nini, na akaamua kujifanyia. Msaidizi wake, August Hildebrandt, alimchoma mgongoni vizuri kabisa, lakini bomba la dawa halikuoana na sindano. Wakati wakihangaika kuliunganisha, maji ya uti wa mgongo yalikuwa yanamwagika na kokeini nyingi ikaishia nje. Basi Hildebrandt akajitolea. Bier alimchoma, kisha akaanza kumpima: alimdunga sindano mpaka kwenye mfupa wa paja, akamgusisha sigara inayowaka, akampiga muundi wa mguu kwa nyundo ya chuma. Hildebrandt hakusikia kitu. Jioni wakala, wakanywa mvinyo na kuvuta sigara.

Usiku ndipo mambo yalipoanza. Hildebrandt aliumwa kichwa na kutapika, na miguu ile iliyopigwa nyundo ikaanza kuuma. Bier aliamka salama, lakini baadaye alilala siku tisa, kwa sababu kila akisimama kichwa kilimpasuka na akilala kinatulia. Akahisi kwamba chanzo ni maji yaliyovuja, na alikuwa sahihi.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha wanasayansi wenye ujasiri. Mimi kinanivutia kwa mambo mawili. La kwanza ni ile miguu ya Hildebrandt. Nyundo ilifanya kazi yake saa ile ile ilipopiga. Ngozi ilichubuka na nyama ilivilia damu. Kilichokosekana ni taarifa tu, nayo ilichelewa kwa saa kadhaa. La pili ni bomba ambalo halikuoana na sindano, maana karne iliyofuata ilikuja na tatizo la kinyume: viungio vilifanywa vya aina moja, vikawa vinaoana vyote. Mpira wa dawa ya mgongoni, mpira wa kwenye mshipa wa damu, vyote vinapokea bomba lile lile. Mwaka 2004 huko Uingereza na 2006 huko Marekani, wanawake waliokwenda hospitali kujifungua walikufa baada ya dawa ya ganzi iliyokusudiwa kupita mgongoni kuingizwa kwenye mshipa wa damu. Mwaka 2016 shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilitoa kiwango cha viungio vya ganzi ambavyo haviwezi kuingia kwenye mpira wa mshipa wa damu. Yaani ilibidi kutengeneza upya, kwa makusudi, ile hali ya kutooana iliyomwaga maji ya Bier.

Turudi kwenye saa. Prokeini, iliyoundwa na Alfred Einhorn mwaka 1904, ilikuwa salama kuliko kokeini na haikuleta uraibu, lakini ilikwisha upesi. Hivyo madaktari wakaanza kutafuta namna ya kuiacha njia wazi. William Lemmon wa Philadelphia, mwaka 1940, aliiacha sindano yenyewe mgongoni. Ilikuwa ya madini laini yanayopindika, na mgonjwa alilazwa chali juu ya godoro lenye pengo ili sindano ipate pa kukaa. Jaribu kupiga picha ya mtu aliyelala hivyo huku tumbo lake limefunguliwa. Baada ya miaka sita kikaja kizibo cha Ansbro. Hatua kubwa, hata hivyo, ilikuwa ya kuazima. Madaktari wa figo na kibofu walikuwa tayari na mipira myembamba ya kupitisha kwenye njia ya mkojo. Edward Tuohy wa Marekani aliuchukua mpira huo, akaupitisha ndani ya sindano mpaka kwenye uti wa mgongo, akachomoa sindano na kuuacha mpira. Mwaka 1945 alianza kutumia sindano yenye ncha iliyopinda iliyobuniwa na Ralph Huber, daktari wa meno wa Seattle, kwa sababu mpinde ule uliuelekeza mpira upande unaotakiwa. Kisha Manuel Martínez Curbelo wa Havana, ambaye alikwenda Marekani na kumwona Tuohy akifanya kazi, akarudi Cuba na tarehe 13 Januari 1947 akauweka mpira nje kidogo ya utando wa uti wa mgongo, kwa mama wa miaka 40 mwenye uvimbe kwenye kifuko cha mayai. Vifaa vya mkojo, sindano ya daktari wa meno, mji wa Havana: kwa jinsi tunavyofundishwa kwamba tiba hutoka chuo kikuu kimoja kikubwa na kuteremkia kwingine, sehemu hii niliisoma mara mbili kwa raha tu.

Kwa hospitali zetu, mpira ni neno la kila siku. Mgonjwa "amewekewa mpira", na kwa kawaida ni wa mkojo. Kwa dawa yenyewe Kiswahili kina utajiri ambao sikuufikiria mpaka nilipoanza kuandika. Anayetuliza maumivu ya upasuaji tunamwita daktari wa usingizi, hata pale anapomwacha mgonjwa macho kodo anahesabu mabati ya dari. Tuna nusu kaputi, na wapo wanaolihusisha hilo kaputi na neno la Kijerumani kaputt, la kitu kilichoharibika au kwisha kabisa. Mimi nawaamini, maana Wajerumani walikuwa Tanganyika miaka ile ile ambayo wenzao kwao walikuwa wakihangaika na prokeini. Na tuna kufa ganzi. Mguu haulali wala haupumziki, unakufa. Nadhani aliyeusema hivyo kwanza alikuwa ameangalia vizuri. Mguu uliokufa ganzi hauna habari zake wala zako.

Hapo ndipo madhara ya mpira yanapoeleweka. Yako ya aina mbili, na nazitenganisha kwa sababu makala nyingi huzichanganya. Aina ya kwanza ni ya mpira wenyewe kama kitu. Unachomoka mgonjwa akigeuka kitandani. Unavuja, plasta inalowa na kubanduka. Ukisukumwa mrefu kupita kiasi, unaweza kujiviringa ndani ya nyama na kujifunga fundo, na siku ya kuutoa unagoma. Unaweza kukatika. Na kwa kuwa ni mlango ulioachwa wazi kwenye ngozi, vijidudu huuona. Mwaka 2005 Xavier Capdevila na wenzake huko Ufaransa walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 1,416 waliowekewa mipira ya ganzi baada ya upasuaji wa mifupa na viungo. Zaidi ya robo ya mipira waliyoipima ilikuwa na bakteria. Waliokuwa na dalili za uvimbe na wekundu palipochomwa walikuwa kama 3 tu katika kila 100, na majeraha ya mishipa ya fahamu yalikuwa 3 kwa jumla, yote yakapona. Lakini mama mmoja mwenye kisukari alipata jipu ndani ya misuli ya kiunoni. Kwa hiyo habari si ya kutisha, ila haikuruhusu kusahau.

Aina ya pili ni ya ukimya wenyewe. Dawa haijui kuchagua. Inayoziba maumivu ya bega huweza kuziba pia mshipa unaoendesha kiwambo, ile misuli ya kupumulia iliyo chini ya mapafu, kwa sababu mishipa hiyo inapita jirani shingoni. Mwaka 1991 William Urmey na wenzake huko New York waliwapima kwa altrasaundi wagonjwa waliochomwa ganzi ya shingoni kwa kiasi cha dawa kilichokuwa cha kawaida wakati huo. Nusu moja ya kiwambo ilikuwa imelegea kwa kila mmoja wao. Wote. Mtu mwenye mapafu mazima huenda asitambue. Mwenye pumu au mapafu yaliyochoka, na mpira unaoendelea kumtia dawa siku mbili, atatambua, na pengine usiku.

Paja nalo lina yake. Mpira ukiwekwa kwenye kinena baada ya goti kubadilishwa, maumivu yanapungua sana na mgonjwa anajisikia mwepesi. Anataka kwenda chooni. Anasimama. Misuli inayolishikilia goti haijui kwamba amesimama. Brian Ilfeld na wenzake walikusanya mwaka 2010 majaribio ambamo wagonjwa wengine walikuwa wakipewa dawa kupitia mpira na wengine maji ya chumvi tu. Kwenye kundi la maji ya chumvi hakuna aliyeanguka. Kwenye kundi la dawa walianguka wagonjwa 6. Ukisoma jedwali la namna hiyo ni rahisi kuona namba, lakini kila mmoja wa hao ni mgonjwa aliyeachishwa maumivu, akaamini mguu wake, na akaanguka.

Sumu naiweka peke yake, kwa kuwa ilichukua miongo kukubaliwa. Bupivakeini iliundwa Sweden mwaka 1957 na ilipendwa kwa jambo moja: ilidumu. Mwaka 1979 George Albright aliandika tahariri akionya kwamba dawa hii na ndugu yake etidokeini zikiingia kwenye damu huweza kuusimamisha moyo, na moyo huo kuuamsha tena ni kazi ngumu mno. Kwa kawaida kuna dalili za mwanzo. Ulimi unakufa ganzi, mdomo unapata ladha ya chuma, masikio yanavuma, kisha mwili unaanza kutetemeka. Mpira unaongeza hatari yake kwa njia ya pole pole: ncha inaweza kuhama na kuingia kwenye mshipa wa damu, au dawa kujikusanya siku hata siku. Mgonjwa anayesema saa nane za usiku kwamba chai aliyokunywa ina ladha ya sarafu anahitaji mtu wa kumsikia na kujua maana yake.

Tiba yake ilipatikana kwa kubahatisha, kama mambo mengi mazuri. Guy Weinberg wa Chicago alidhani mafuta kwenye damu yangeifanya sumu ya bupivakeini kuwa kali zaidi. Akajaribu kwa panya, akakuta kinyume: waliopewa mafuta walistahimili dawa nyingi zaidi. Alichapisha mwaka 1998. Miaka minane baadaye, New York, mwanamume wa miaka 58 aliyechomwa ganzi kwa ajili ya upasuaji wa bega alisimama moyo, na baada ya takribani dakika 20 za kumfufua bila mafanikio madaktari wakamtilia mchanganyiko wa mafuta ya soya, ule wanaopewa wagonjwa wasioweza kula. Moyo ukarudi. Chupa ya mafuta ya lishe sasa huwekwa karibu popote ganzi ya namna hii inapotolewa. Au inapaswa kuwekwa.

Lakini kisa ninachokifikiria zaidi ni cha vita. Tarehe 7 Oktoba 2003, kwenye hospitali ya jeshi la Marekani huko Balad, Iraq, daktari wa usingizi Chester Buckenmaier alimwekea mipira miwili askari aliyejeruhiwa mguu kwa roketi, mmoja kwa mishipa ya kiunoni na mwingine kwa mshipa mkubwa wa nyuma ya paja. Askari alisafirishwa kwenda Ujerumani na kisha Marekani huku dawa ikiendelea. Mguu ulikatwa mwishowe, lakini alivuka bahari akiongea na watu, badala ya kusafirishwa akiwa amelewa mofini na akipiga kelele kila ndege inapotikisika. Makala ya kisa hicho ilitoka 2005, na ni miongoni mwa mambo yaliyobadili jinsi majeshi yanavyowahudumia majeruhi. Kwa kweli ni wa kwanza anayestahili kuitwa wa kwanza.

Sasa weka pembeni yake kisa cha zamani. Mwaka 1881 Richard von Volkmann wa Ujerumani alieleza kuhusu wagonjwa waliofungwa mifupa kwa bandeji zilizobana mno: misuli ilikosa damu, ikafa, na kiungo kikabaki kimejikunja maisha yote. Leo tunajua kwamba hata bila bandeji, mguu uliovunjika au kupondwa unaweza kuvimba ndani ya utando wake mgumu mpaka shinikizo likaizuia damu. Misuli haina siku ya kusubiri. Ina saa chache. Na ishara ya kwanza, kabla mapigo ya mguuni hayajapotea na kabla ngozi haijabadilika rangi, ni maumivu yanayopita kiasi cha jeraha. Maumivu hayo ndiyo mbiu ya mgambo. Sasa chukua majeruhi wa roketi au wa bodaboda, mguu umepondwa, umwekee mpira unaoizima mbiu hiyo usiku na mchana.

Wataalamu wamebishana juu ya hili kwa miaka mingi na wanaendelea. Wapo wanaosema usiwekee mpira mguu ulio katika hatari hiyo. Wengine wanajibu, kwa mifano ya wagonjwa halisi, kwamba maumivu ya misuli inayokufa huwa makali kiasi cha kuipenya ganzi: mgonjwa aliyekuwa ametulia anaanza ghafla kulia, na badala ya kumwongezea dawa inabidi ufungue bandeji na kutazama. Mimi si daktari, lakini nikisoma hoja za pande zote mbili naona zinategemea sharti moja ambalo huandikwa kwa maneno machache mwishoni: mgonjwa awe anaangaliwa mara kwa mara. Hakuna anayesema na nani.

Nilimpelekea swali hilo shangazi yangu, aliyestaafu baada ya miaka mingi ya uuguzi kwenye wodi ya mifupa ya hospitali moja ya mkoa. Hajawahi kumhudumia mgonjwa mwenye mpira wa ganzi. Kwake walikuwa na sindano za kutuliza maumivu, zilipokuwepo, na vidonge. Nilimweleza mambo ya Iraq na pampu ndogo inayosukuma dawa yenyewe. Alisikiliza kwa makini, akasema wagonjwa wake wangeupenda mpira huo, hasa vijana wa bodaboda wanaolia usiku kucha wodi nzima isilale. Kisha akaniuliza pampu hiyo inalalaje na mgonjwa, inatumia betri au la, na nani anaijaza.

"Usiku tulikuwa wawili, mwanangu," alisema. "Wodi mbili."

Nikamuuliza walifanyaje basi kuwajua walioharibika. Akasema anayepiga kelele unamjua uko naye. Yeye akiingia zamu alikuwa anaanza na aliyelala kimya ukutani. Anamuamsha. Kama ana bandeji au plasta ngumu, anaingiza kidole pembeni aone kama kinapita. Anavishika vidole vya mguu na kuvikunja juu taratibu huku akimtazama mtu usoni. Nikamwambia kwamba kwa mgonjwa mwenye ganzi uso hautasema chochote. Alinyamaza kidogo, akaafiki, kisha akaniambia ninyooshe mguu.

Alinishika shavu la mguu kwa kiganja kizima, akaliminya polepole kutoka chini ya goti kwenda kifundoni. "Hili laini, kama unga ulioukanda vizuri," alisema. "Mwenye kuvimba ndani linakuwa gumu kama ubao, na ngozi inang'aa. Hapo humuulizi mgonjwa kitu. Unakata bandeji kuanzia juu mpaka chini, pamba na yote, halafu ndio unamwita daktari wa zamu." Kisha akauhamia mguu wa pili, ili nione jinsi ya kulinganisha.